NANI ALISEMA, NA ALISEMA LINI?

Wale wanaokimbilia ukurasa wa vichekesho nawaomba wanisubiri kidogo. Kila mwaka jarida letu huwa na mafumbo na vitendawili. Mimi nimekuja na mafumbo ya aina nyingine, yale ambayo kompyuta na simu hufumbiana zinapotaka kuzungumza bila mtu wa tatu kuelewa, na jinsi wataalamu wanavyotumia mantiki kupima kama mazungumzo hayo yanaweza kuaminika. Mwenzangu mmoja aliposikia nataka kuandika hayo aliniambia, "Wacha bwana, hiyo haiwezi kuandikwa kwa Kiswahili." Basi ngoja tuone.

Nitaanza na kibanda cha mama. Mama huuza unga, sukari, mafuta ya kupikia na vikorokoro vingine. Likizo ya Agosti alikwenda matanga mtaa wa pili akaniachia kibanda, lakini simu yake ambayo ndiyo hupokea malipo akaenda nayo. Akaja mteja ninayemfahamu kwa sura. Jana yake alikuwa amenunua vitu vya shilingi 850 na kulipa vizuri kabisa kwa simu. Siku hiyo akataka vitu vilevile, bei ileile. Akabonyeza-bonyeza simu yake, akanionyesha kioo: shilingi 850 zimetumwa kwa mama, jina lake herufi kwa herufi, namba ya malipo ipo. Nikasema asante, nikamfungia vitu vyake akaenda zake.

Jioni mama aliporudi tulitazama simu yake. Ujumbe wa shilingi 850 ulikuwa mmoja tu, wa jana. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Uliangalia tarehe?" Nikajibu, "Hapana, mama." Afadhali angenichapa. Pesa zangu za chakula cha mchana muhula uliofuata zilichelewa kulipwa, na sisi wa shule ya kutwa tunajua maana ya kusimama kando ya foleni ukiwa na sahani mkononi ukijifanya huna njaa.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba ule ujumbe haukuwa bandia. Ningeweza kuukagua mpaka usiku, nisingepata kosa hata moja, maana hakika ulitoka kwa kampuni ya simu na hakika ulisema kweli. Ila ulisema kweli ya jana.

Shule zilipofunguliwa nilimsimulia mwalimu wetu wa Hisabati mkasa huo. Alicheka kwanza (hata mimi nilicheka kidogo), kisha akaniambia kwamba wezi wa kompyuta wana ujanja uohuo na kwamba kuna watu waliotunga mantiki nzima kwa ajili yake. Wiki iliyofuata akaniletea karatasi zilizoandikwa mwaka wa 1989 na Michael Burrows, Martín Abadi na Roger Needham. Mantiki yao huitwa BAN, kutokana na herufi za kwanza za majina yao. Nilizisoma kwa muda mrefu nikiwa na kamusi pembeni. Hayo niliyoyaelewa ndiyo ninayowaletea.

Tuanze na neno itifaki. Wengi wetu tulilisikia kwanza kwenye sherehe za kitaifa: nani aingie wa kwanza, nani amsalimu nani, nani aketi wapi. Kwenye kompyuta maana haiko mbali na hiyo. Itifaki ni utaratibu wa kupelekeana ujumbe: wewe utatuma hiki, mimi nitajibu hiki, kisha wewe utathibitisha kwa hiki. Itifaki ya usalama huwa na ujumbe uliofungwa kwa ufunguo, na ufunguo wenyewe ni namba ndefu ya siri. Asiye na namba hiyo huona takataka tupu.

Sasa wengi hudhani kwamba kufuli likiwa zuri, basi mambo yamekwisha. Sivyo. Mwizi hahitaji kuvunja kufuli. Mwaka wa 1983 Danny Dolev na Andrew Yao waliandika kwamba tukitaka kupima itifaki tuchukulie kuwa mwizi anaimiliki barabara yote: anasikia kila ujumbe unaopita, anaweza kuuzuia, kuuchelewesha, kuurudia kesho na hata kutuma wake mwenyewe. Kitu kimoja tu hawezi, nacho ni kufungua kufuli asilokuwa na ufunguo wake. Yule mteja wa mama hakuvunja chochote. Alirudia tu.

Mfano ambao karatasi zile zinaushughulikia ni itifaki iliyotolewa mwaka wa 1978 na huyohuyo Needham pamoja na Michael Schroeder, wakiwa katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani. Hebu tuwaite wahusika Asha na Baraka. Asha anataka kuzungumza na Baraka kwa siri lakini hawana ufunguo wa pamoja. Wote wawili hata hivyo wanaiamini kompyuta moja, yaani seva, na kila mmoja ana ufunguo wake wa siri na seva hiyo.

Asha anaiandikia seva waziwazi: "Mimi Asha, nataka kuzungumza na Baraka, na namba yangu ya leo ni hii." Namba hiyo ameibuni papo hapo, hajaitumia kabla na hataitumia tena. Nitaiita namba ya mara moja. Seva inatengeneza ufunguo mpya kabisa wa Asha na Baraka, kisha inamjibu Asha kwa kifurushi kilichofungwa kwa ufunguo wa Asha. Ndani mna ile namba ya mara moja, jina la Baraka, ufunguo mpya, na kifurushi kingine kidogo ambacho Asha hawezi kukifungua kwa sababu kimefungwa kwa ufunguo wa Baraka. Ndani ya hicho kidogo mna ufunguo mpya na jina la Asha. Asha anakipeleka kwa Baraka. Baraka anakifungua, anaupata ufunguo, naye anabuni namba yake ya mara moja na kumpelekea Asha ikiwa imefungwa kwa ufunguo huo mpya. Asha anaifungua, anapunguza moja, anairudisha. Baraka anaridhika. Mazungumzo yanaanza.

Soma tena aya hiyo polepole. Je, umeona kasoro? Mimi sikuiona, na si mimi peke yangu, maana itifaki hiyo ilisifiwa sana.

Sasa ndipo mantiki inapoingia. Mantiki ya BAN haiulizi kama jambo ni kweli. Inauliza ni nani anaamini nini, na ana haki gani ya kuamini hivyo. Ina kanuni kadhaa, ila tatu ndizo uti wa mgongo wake. Ya kwanza yasema hivi: ikiwa Baraka anaamini kwamba ufunguo fulani anao yeye na seva tu, naye akaona ujumbe uliofungwa kwa ufunguo huo ambao hakuufunga yeye mwenyewe, basi ana haki ya kuamini kwamba seva iliwahi kusema yaliyomo.

Tafadhali litazame hilo neno "iliwahi". Hapa ndipo Kiswahili kilinisaidia kuliko kamusi. Kila muhula tunarudiwa somo la nyakati, tusichanganye -li-, -me- na -na-, na wengine hupiga miayo. Kumbe mantiki hii yote imejengwa juu ya tofauti hiyo! Kufuli linathibitisha "iliwahi kusema" peke yake. Huenda ni leo, huenda ni mwaka juzi. Kutoka "iliwahi kusema" hadi "inasema" kuna daraja la kuvuka, na daraja hilo ndilo kanuni ya pili: ikiwa Baraka anaamini kwamba seva iliwahi kusema jambo, na tena anaamini kwamba ujumbe wenyewe ni mpya, yaani haukutumika kabla ya mazungumzo haya, basi ana haki ya kuamini kwamba seva inaliamini jambo hilo sasa. Pia sehemu moja ya ujumbe ikiwa mpya, ujumbe wote ni mpya, maana huwezi kufunga mwaka juzi kifurushi chenye namba iliyobuniwa leo asubuhi.

Kanuni ya tatu ni ya mamlaka. Ikiwa Baraka anaamini kwamba seva ina mamlaka juu ya jambo, na anaamini kwamba seva inaliamini jambo hilo sasa, basi Baraka naye analiamini. Kwa mfano kiranja ana mamlaka ya kusema nani alichelewa, lakini hana mamlaka ya kusema nani amefaulu Hisabati.

Twende kibandani kidogo. Kampuni iliwahi kusema mama amepokea shilingi 850: kanuni ya kwanza, sawa. Kampuni ina mamlaka juu ya malipo: kanuni ya tatu, sawa. Mimi niliruka kutoka ya kwanza hadi ya tatu bila kukanyaga ya pili. "Uliangalia tarehe?" Mama hajasoma mantiki ya BAN, lakini swali lake lilikuwa kanuni ya pili yenyewe.

Turudi kwa Asha. Anafungua kifurushi kilichofungwa kwa ufunguo wake na seva, kwa hiyo seva iliwahi kusema huu ni ufunguo mzuri wa Asha na Baraka. Ndani anaiona namba yake ya mara moja, kwa hiyo kifurushi ni kipya. Kwa hiyo seva inaamini sasa. Seva ina mamlaka juu ya funguo. Asha anaamini. Safi kabisa, kila hatua ina kanuni yake.

Na Baraka? Anafungua kifurushi chake kidogo. Seva iliwahi kusema kwamba ufunguo huu ni wa Asha na Baraka. Halafu? Ndani mna ufunguo na jina la Asha, basi. Hamna tarehe, hamna namba aliyoibuni Baraka. Hakuna kitu chochote ambacho Baraka ana haki ya kukiita kipya. Mantiki inakwama papo hapo kama gari lililozama matopeni. Waandishi wenyewe walisema wazi kwamba ili kumfikisha Baraka mwisho ilibidi waongeze dhana kwamba Baraka anaamini tu ufunguo ni mpya, bila sababu.

Mtu atasema, "Lakini Baraka alibuni namba yake mwishoni, na Asha akairudisha!" Hata mimi nilishikilia hivyo kwa siku nyingi. Jibu ni kwamba namba hiyo inathibitisha kuwa yuko mtu, sasa hivi, aliyeushika ufunguo huo. Haithibitishi kwamba ufunguo wenyewe si wa zamani. Tuseme mwizi, tumwite Mjanja, alikihifadhi kifurushi kidogo cha mwaka jana, akatumia mwaka mzima mpaka akaupata ufunguo wa mwaka jana kwa njia yoyote ile, hata kwa kuokota kompyuta mbovu iliyotupwa. Leo anamtumia Baraka kifurushi kilekile. Baraka anakifungua, anabuni namba, Mjanja anaisoma kwa ufunguo alioiba, anapunguza moja, anarudisha. Baraka anaridhika kwamba yuko na Asha. Asha yuko kwake anapika ugali, hana habari.

Nisije nikadanganya: kasoro hii haikugunduliwa na mantiki ya BAN. Dorothy Denning na Giovanni Sacco waliieleza mwaka wa 1981, wakapendekeza kifurushi kiwekwe saa na tarehe. (Mama, umesikia?) Needham na Schroeder nao walitoa itifaki iliyorekebishwa mwaka wa 1987. Kerberos, mfumo uliojengwa katika chuo cha MIT juu ya msingi wa itifaki hiyo, hutumia saa, na kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu kati ya saa ya kompyuta moja na nyingine. Ila kwa maoni yangu kuna tofauti kubwa kati ya mtu kuiona kasoro kwa macho makali na kuwa na njia ambayo hata mwanafunzi wa kidato cha tatu akiifuata hatua kwa hatua atakwama mahali palipo na shimo. Macho makali hayafundishiki. Tena wale watatu waliitumia mantiki yao kwenye itifaki nyingine, na katika rasimu ya kanuni za kimataifa ziitwazo X.509 wakaonyesha udhaifu.

Hapa ningependa kumaliza nikiwasifu, lakini kuna kisa cha pili, nacho kinauma.

Katika makala yaleyale ya 1978 Needham na Schroeder walitoa itifaki nyingine. Katika hii kila mtu ana funguo mbili. Fikiria Baraka anagawa makufuli yaliyo wazi kwa kila amtakaye, lakini ufunguo wa kuyafungulia anabaki nao peke yake. Asha anaandika "Mimi Asha, namba yangu 17", anafungia kwa kufuli la Baraka na kutuma. Baraka anajibu "17, na yangu 52", kwa kufuli la Asha. Asha anarudisha "52" kwa kufuli la Baraka. Namba zenyewe kwa kweli huwa ndefu mno, nimezifupisha. Kila mmoja anasema: ni mwenzangu tu aliyeweza kuifungua namba yangu, kwa hiyo ni yeye. Mantiki ya BAN ilipima sehemu hiyo ikaona ni sawa.

Miaka 17 ikapita. Mwaka wa 1995 Gavin Lowe wa Chuo Kikuu cha Oxford akaonyesha hivi. Asha ana shughuli zake halali na Mjanja, labda Mjanja ana duka. Anamwandikia Mjanja, kwa kufuli la Mjanja, "Mimi Asha, 17". Mjanja anafungua, anaandika upya manenohayo hayo na kuyafungia kwa kufuli la Baraka. Baraka anamjibu Asha "17, 52" kwa kufuli la Asha. Mjanja hawezi kulifungua, lakini ya nini alifungue? Anampelekea Asha kama jibu lake mwenyewe. Asha anaona 17 yake, anadhani 52 ni namba ya Mjanja, anamrudishia "52" kwa kufuli la Mjanja. Lo! Asha mwenyewe ndiye aliyemfungulia. Mjanja anaifungia upya kwa kufuli la Baraka, na Baraka anaamini anazungumza na Asha. Kama Baraka ni benki, malizia mwenyewe.

Dawa yake ni fupi hata inaudhi. Baraka aongeze jina lake katika jibu: "17, 52, mimi Baraka." Asha aliyekuwa akingoja jibu la Mjanja ataliona jina la Baraka na kuacha hapohapo. Neno moja tu, na limekosekana kwa miaka 17 mbele ya macho ya watu wenye akili kutuzidi sisi sote.

Je, mantiki ilidanganya? Nimelifikiria sana swali hili, na mwalimu wangu na mimi hatukubaliani kabisa. Yeye husema mantiki ilishindwa. Mimi naona iliulizwa swali jingine. BAN inachukulia kwamba wanaozungumza ni waaminifu na hawatoi siri zao. Mwizi yuko nje, barabarani. Kwa Lowe, mwizi amekaribishwa ndani, amepewa kiti na chai. Kanuni zote zilifuatwa, ila dhana ya mwanzo haikumfaa mgeni huyo. Mwaka wa 1996 Lowe alionyesha jinsi ya kuipata kasoro hiyo kwa programu iitwayo FDR, ambayo hujaribu mifuatano yote ya ujumbe anayoweza kuipanga mwizi katika mfumo mdogo, bila kuchoka wala kumwonea haya mwandishi wa itifaki. Tangu hapo programu za namna hiyo zimeendelea sana. Itifaki ya TLS 1.3, ambayo hulinda mazungumzo ya simu yako na tovuti ya benki, ilitolewa mwaka wa 2018, na kabla ya kutolewa ilipimwa kwa programu kama ProVerif na Tamarin, makosa yakatafutwa ikiwa bado rasimu.

Nyumbani nako tumebadilisha itifaki. Mama akiondoka huniachia simu. Nilimpendekezea pia kwamba kila mteja atajiwe bei yenye shilingi za ziada nitakazozibuni papo hapo, 853 leo, 851 kesho, ziwe namba ya mara moja. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema wateja wote watahamia kwa jirani.

Zoezi. Katika itifaki ya kwanza seva humrudishia Asha jina la Baraka ndani ya kifurushi kikubwa. Tuseme tumeliondoa jina hilo kwa kubana matumizi. Mjanja naye ni mteja halali wa seva, ana ufunguo wake na seva, na amekaa barabarani kati ya Asha na seva. Kumbuka ombi la kwanza la Asha huenda waziwazi. Mjanja afanye nini ili Asha azungumze naye akidhani ni Baraka? Andika hatua moja moja, na useme ni wapi Asha anaamini jambo asilokuwa na haki ya kuliamini. Majibu yatiwe katika sanduku la chama mlangoni pa maktaba kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula. Mlezi wa chama ameahidi kalamu mbili kwa mshindi, na tafadhali msisahau kuandika tarehe.